Je, Wajua? Anayeacha Pombe Malaba Anatafuta Duara Jingine

Je, wajua kuwa chungu cha ajono, pombe ya wimbi ya Iteso, kina sheria zake, na wakati mwingine hata mwenyekiti?

Iteso wako pande zote mbili za mpaka wa Malaba: Tororo kwa upande wa Uganda, na Teso Kaskazini na Teso Kusini katika Kaunti ya Busia kwa upande wa Kenya. Mwaka 1902 Waingereza walikata mkoa wa mashariki wa Uganda wakauunganisha na nchi ambayo leo ni Kenya, ndugu wakajikuta na serikali mbili. Wimbi likabaki lile lile, na pombe yake ikabaki ile ile.

Unga wa wimbi hukandwa kwa maji na kufukiwa shimoni kwa siku kadhaa hadi uchachuke. Hutolewa, ukakaangwa juu ya bati pana hadi ugeuke kahawia, kisha ukaanikwa juani. Baadaye huchanganywa na kimea na maji, ukaachwa tena siku chache. Siku ya kunywa, chungu huwekwa katikati, maji ya moto yakamiminwa juu ya machicha, povu likapanda. Kila mtu anaingiza mrija wake, mrefu kumpita yeye mwenyewe akiwa ameketi, wenye kichujio kilichosukwa nchani ili makapi yasimfikie mdomoni. Ladha ikipungua, anaitwa mwenye birika.

Mwanaanthropolojia Mmarekani, Ivan Karp, alifanya utafiti kwa Iteso wa Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na mwaka 1980 akachapisha insha nzima juu ya unywaji wao. Kilichomshughulisha ni adabu ya chungu: nani aketi wapi, mrija ushikwe vipi, na kwa nini kunywa pamoja kulikuwa picha ya ujirani mwema, huku hofu ya kutiliwa sumu ikiwa haiko mbali. Alieleza pia jinsi majirani walivyoitana kulima, na mwenye shamba akawalipa kwa pombe.

Upande wa Uganda, ambako kinywaji hicho huitwa pia malwa, wanywaji wa kila siku mara nyingi hujiundia kikundi chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Anayetukana hutozwa faini. Anayefiwa huchangiwa.

Sasa mchukue mtu wa hapa ambaye daktari amemwambia aache pombe kwa sababu ini limechoka. Daktari anaona chupa. Mgonjwa anaona watu watakaombeba siku ya msiba, watakaomwambia shamba la kukodi liko wapi, watakaompigia simu trela likihitaji mpakuzi. Akiuacha mrija, anaaga baraza zima. Ndiyo maana ushauri wa "kaa nyumbani ujitulize" haufui dafu: mtu aliyezoea duara huponzwa zaidi na kuwekwa peke yake. Mambo mengi yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

Je, wajua kuwa kwa karibu miaka tisa pakiti ya waragi ilikuwa halali upande mmoja wa daraja na haramu upande wa pili?

Kenya ilipiga marufuku pombe ya pakiti katika sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile ambayo wananchi waliibatiza "sheria ya Mututho" kwa jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho. Uganda iliendelea na pakiti zake hadi mwisho wa Mei 2019. Tanzania ilikuwa imeshaziondoa zake, viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017. Pakiti inakaa soksini, na mto Malaba si bahari. Mengine malizia mwenyewe.

Saa nazo hazikulingana. Sheria ya Kenya iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Mwenye kiu ya asubuhi alijua njia ya kuvukia. Mwaka 2023 Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa Wilaya ya Tororo, alipeleka bungeni Kampala muswada wa kubana saa za kuuza pombe Uganda. Mwaka uliofuata ukakataliwa.

Nayataja haya kwa sababu mpakani huwezi kuitegemea sheria ikuachishe pombe. Sheria inaishia kwenye daraja. Kinachobaki ni kutafuta duara jingine, na moja ni AA (Alcoholics Anonymous), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe.

Je, wajua kuwa mikutano ya AA ilianzia kwenye simu ya hoteli, katika mji wa matairi?

Akron, jimbo la Ohio, Marekani, ulikuwa mji wa viwanda vya mpira. Ndiko Goodyear ilikozaliwa. Mei 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alifika huko kupigania umiliki wa kampuni moja ya mashine za mpira. Akashindwa. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe, yuko peke yake katika Hoteli ya Mayflower, mfukoni hana kitu, na kelele za baa zinamfikia pale ukumbini alipokuwa akitembea huku na huko.

Wilson alikuwa ameshagundua jambo moja: kila alipojaribu kumsaidia mlevi mwingine, hata kama yule mlevi hakusaidika, yeye mwenyewe siku hiyo hakunywa. Kwa hiyo akaiendea simu badala ya baa. Akaanza kupigia makanisa akiomba aunganishwe na mlevi yeyote. Mchungaji Walter Tunks akampa majina, na majina hayo yakamfikisha kwa mama mmoja, Henrietta Seiberling, mkwe wa mwanzilishi wa Goodyear. Huyu alimjua mlevi wa kumfaa: daktari wa upasuaji, Robert Smith.

Smith alikubali kwa shingo upande. Alimwambia mkewe atampa mgeni dakika kumi na tano tu. Walikaa zaidi ya saa sita. Baadaye alieleza kwamba alikuwa amezungumza na watu wengi juu ya ulevi wake, ila huyu alikuwa wa kwanza aliyeujua kutoka ndani.

Hapa pana kipande ambacho wahubiri wengi hukiruka. Wiki chache baadaye Smith alikwenda kwenye mkutano wa madaktari, akarudi amelewa chakari. Alikuwa na operesheni ya kufanya, na mikono inatetemeka. Asubuhi ya siku hiyo Wilson ndiye aliyempa chupa ya bia ili mikono itulie. Kwa lugha ya vijana wa Kenya, walitoa loku. AA inaihesabu siku hiyo, 10 Juni 1935, kuwa siku yake ya kuzaliwa, kwa sababu Smith hakunywa tena hadi alipofariki Novemba 1950. Kwa hiyo mwanzo wa chama hiki una bia ndani yake, na una mtu aliyeanguka akarudi. Anayekuja mkutanoni akiona aibu kwamba "niliacha nikarudia" hajafanya jipya.

Je, wajua kuwa watu wawili wanatosha?

Kanuni za AA, ziitwazo Mila Kumi na Mbili na zilizopitishwa rasmi Cleveland mwaka 1950, zinasema kwamba walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi hawajajifunga na taasisi nyingine. Hakuna cheti kutoka Nairobi wala Kampala. Hakuna bendera, wala mgeni rasmi wa kukata utepe. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: mtu awe na nia ya kuacha.

Kwa mji kama Malaba hili ni jambo kubwa. Mtu akisikia kwamba mkutano ulio karibu uko Eldoret, hukata tamaa kwa sababu ya nauli. Lakini dereva wa boda boda aliyeacha mwaka jana na mwalimu aliyeacha wiki hii wanaweza kukutana chini ya mwembe nyuma ya kanisa, Jumanne saa kumi na mbili jioni, na tayari kikundi kipo. Kinachowaudhi wengi ni kukaa wawili wiki ya tatu na ya nne bila mgeni kuja. Vikundi vingi hufia hapo.

Jambo jingine ambalo Malaba litawashangaza watu: hakuna posho. Mpakani kumezoeleka semina. Kuna semina ya Ukimwi, ya wafanyabiashara wadogo, ya usafirishaji haramu wa watoto, na mwisho wa siku jina lako liko kwenye karatasi, unasaini, unapewa nauli na soda. AA haina karatasi ya kusaini wala nauli ya kurudishiwa. Inakwenda kinyume kabisa: inakataa fedha za watu wa nje, hata zikitolewa kwa moyo mweupe. Mwaka 1938 waanzilishi walimwendea John D. Rockefeller Mdogo, tajiri wa mafuta, wakitarajia mamilioni. Akatoa dola 5,000 na kusema fedha nyingi zingeharibu jambo hili. Wakati huo walinuna; miaka ilivyopita wakaufanya ushauri huo kuwa mila. Mwishoni mwa mkutano hupitishwa kikapu, mwenye sarafu akatia, asiye nayo akakipitisha kwa jirani. Za Kenya na za Uganda huingia kikapu kile kile, na hununua sukari na majani ya chai.

Je, wajua kuwa Akron na Gahini ziliwaka moto kwa wakati mmoja?

Kuna watu wanaoona habari ya kukaa kwenye duara na kukiri makosa yako mbele ya wengine kuwa ya kizungu. Wazee wa Tororo hawawezi kulisema hilo. Wanawajua Balokole, yaani waliookoka katika uamsho.

AA ilitoka tumboni mwa kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, lililoanzishwa na mchungaji Mmarekani Frank Buchman. Wafuasi wake walikutana majumbani, wakakiri dhambi zao wazi na kuwalipa waliowakosea. Wilson na Smith wote wawili walikuwa wamepita humo kabla ya kukutana.

Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1930, uamsho ulizuka hospitalini Gahini, Rwanda, ukavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, ambao urafiki wao ulianzia Kampala mwaka 1929. Wanahistoria wa uamsho huo huitaja Oxford Group miongoni mwa mambo yaliyomgusa Church. Waliookoka walikutana kila wiki, wakasimama mmoja mmoja kusema walichokosea, wakarudisha walichoiba, na wengi wakavunja vyungu vyao vya pombe. Majirani waliwacheka, na waliwachukia pia kwa sababu Balokole waliwataja wenzao waliokosa pamoja nao.

Hapo ndipo AA ilipojitenga. Mlokole alitangaza jina lake. Mwana-AA hutaja jina moja tu, na habari za mwenzake haziondoki chumbani. Wala hatakiwi kuwa Mkristo: Hatua Kumi na Mbili, ngazi za kupona ambazo wanachama huzifuata, zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu amwelewavyo, nafasi ambayo Mwislamu wa Busia anaweza kuketi bila kubanwa. Hata hivyo nikiri kwamba sala ya kufungulia inayopendwa na vikundi vingi ina harufu ya kanisani, na vikundi vyetu vingi hukutana kwenye majengo ya kanisa. Asiyependa hilo ana haki ya kunyamaza wakati wa sala.

Ndani ya mkutano mnafanya nini?

Viti vya plastiki vinapangwa kwa duara. Chupa ya chai iko kwenye benchi karibu na mlango, makusudi, ili anayeingia akiwa na aibu apate la kufanya na mikono. Mwongozaji wa siku hiyo, ambaye si mkubwa wa mtu, anasoma utangulizi mfupi. Kisha anajitaja: jina moja, na kwamba yeye ni mlevi. Wengine wanamwamkia kwa jina lake.

Baada ya hapo kila anayetaka anazungumza dakika chache juu ya mambo matatu: alikuwaje, kilitokea nini, sasa yukoje. Hakuna anayemjibu. Anayeanza kutoa ushauri ("ungemwambia mkeo hivi...") hukatizwa kwa upole. Kwa watu waliolelewa kwenye baraza ambako kila neno hujibiwa, kimya hiki ni kigumu siku za kwanza. Unamsikia mtu anasema aliuza ng'ombe wa mahari ya dada yake, na hakuna anayesema lolote, hata pole. Anapewa muda wake, anashukuriwa, zamu inakwenda kwa mwingine. Asiyetaka kusema anasema "napita", na hakuna anayemwuliza sababu.

Saa moja ikiisha, mkutano umekwisha. Wenyeji wanajua kwamba nusu ya faida iko kwenye dakika ishirini zinazofuata, chai ikimalizika na namba za simu zikiandikwa. Mgeni hushauriwa atafute mtu wa jinsia yake, mwenye muda mrefu bila pombe, amsindikize kwenye zile hatua. Kenya huyo huitwa sponsa. Usiku wa manane hamu ikipanda, ndiye anayepigiwa, naye akipokea simu analinda pia siku yake, kama Wilson pale hotelini.

Mikutano ni ya aina mbili. Ya wazi inamkaribisha yeyote: mke, mwanafunzi wa uuguzi, chifu. Ya ndani ni kwa wanaotaka kuacha tu. Uliza kabla ya kwenda na shemeji.

Je, wajua kuwa Kenya ilisaidia kutengeneza kipimo kinachotumika duniani kote?

Kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani kina maswali kumi: unakunywa mara ngapi, kiasi gani, umewahi kushindwa kufanya kazi yako, umewahi kuhitaji kinywaji asubuhi. Utafiti uliokizaa ulifanywa katika nchi sita, na nchi ya Afrika ilikuwa moja tu: Kenya. Nyingine ni Australia, Bulgaria, Meksiko, Norway na Marekani. Alama nane na kuendelea, kati ya arobaini, ni dalili kwamba pombe imeanza kudhuru. Mahali ambapo pombe hunywewa kwa mrija kutoka chungu kimoja, swali la "glasi ngapi" huwachekesha watu, na mhudumu wa afya hulazimika kuuliza mlikaa saa ngapi na birika lilirudi mara ngapi.

Uthibitisho kwamba kuzungumza kwenye duara kunasaidia haukutoka Ulaya peke yake. Ukiifuata barabara ya matrela kutoka Malaba kwenda Nairobi, unafika Eldoret, makao ya mpango wa afya wa AMPATH. Huko mtafiti Rebecca Papas na wenzake walichukua wagonjwa wa kliniki za Ukimwi waliokuwa wakinywa kupita kiasi, wengi chang'aa na busaa, wakawaweka kwenye vikundi, wanawake mbali na wanaume mbali. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Jaribio la kwanza, la watu 75, lilichapishwa mwaka 2011. La pili, la watu 614, mwaka 2021, nalo lilionyesha kwamba waliokaa kwenye vikundi vya kufunzwa mbinu za kuacha walipunguza siku za kunywa kuliko waliokaa kwenye vikundi vya elimu ya afya ya jumla. Vikundi hivyo si AA. Vina mtaala na mwisho wake. Lakini duara ni duara.

Kuhusu AA yenyewe, mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Baada ya mwaka mmoja, watu 42 kati ya 100 waliopelekwa AA kwa utaratibu mzuri walikuwa hawanywi kabisa, dhidi ya 35 waliopata tiba nyingine. Tofauti si ya kupigia vigelegele, ila gharama yake ni chai. Na yale maneno "kwa utaratibu mzuri" yana uzito. Katika tafiti hizo mtu hakupewa karatasi yenye anwani akaambiwa nenda. Alikuwapo mshauri aliyemweleza kinachofanyika humo, akamhimiza ahudhurie, akamfuatilia. Muuguzi wa Malaba anayepiga simu mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yake, akamkabidhi kwa mtu atakayemngoja getini, amefanya kazi kubwa kuliko bango lolote.

Je, wajua kuwa kuacha ghafla kunaweza kuua?

Hili lisomwe na wale wanaomfungia ndugu yao chumbani "mpaka imtoke". Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akikatizwa siku moja, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona wadudu wasiokuwapo, jasho kumtoka, moyo kwenda mbio na homa kupanda. Wengi husema ni majini, wakampeleka kwa mganga. Ni ubongo uliozoea pombe, na hali hiyo ina dawa hospitalini. Malaba upande wa Kenya kuna Hospitali ya Kocholia, na ngazi ya juu yake ni hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia. Upande wa Uganda kuna Hospitali Kuu ya Tororo. Kitanda kwanza, mkutano baadaye. Wanachama wazoefu hulijua hili, na wakimwona mgeni anatetemeka mpaka kikombe kinamwagika, hawamwekei kiti, wanamtafutia gari.

Kutafuta mkutano ukiwa mpakani

Kenya ina namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni bure, na kwa kuwa ni namba ya Kenya, weka laini ya Kenya. Malaba simu ina tabia ya kurukia mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza. Waulize wakuelekeze kwa mshauri au kikundi kilicho karibu. Uganda, mlango mkubwa wa serikali ni Hospitali ya Butabika, Kampala, iliyofunguliwa 1955 na yenye wadi ya walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Waliotoka humo ndio wanaojua nani anakutana wapi katika wilaya yao. Kwa Wakatoliki wa pande zote mbili kuna Pioneer, chama cha kutokunywa kabisa kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898, ambacho parokia nyingi za Kenya na Uganda zinacho. Hicho ni cha nadhiri zaidi kuliko mazungumzo, na kina wanachama wengi ambao hawajawahi kuonja, kwa hiyo mlevi anaweza kujiona mgeni humo.

Mpakani mtu hupata faida moja ambayo wa Nakuru hana. Anayeogopa kuonwa na jirani akiingia mkutanoni anaweza kuhudhuria ng'ambo. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na mtu akiulizwa anakokwenda Tororo, sababu za kwenda Tororo hazijawahi kukosekana.

Madereva wa matrela wana shida yao peke yao. Leo Mombasa, kesho Malaba, keshokutwa Kampala au Juba. Foleni ya Malaba ni ya kukaa na kungoja, na kungoja kando ya barabara kumezungukwa na wauza vinywaji. Mwaka 2020, wakati kila dereva alipopimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ilirefuka makumi ya kilomita na watu walilala chini ya trela siku nyingi. Mwaka huo huo mikutano ya AA duniani ilihamia kwenye simu, na mingi haijarudi nyuma. Dereva anaweza kuegesha, akavaa vifaa vya masikioni na kuingia mkutanoni Nairobi akiwa kwenye kiti cha usukani. Tanboi wake atadhani anasikiliza mahubiri.

Na ukitaka kuona hatua hizi zikifanywa kwa Kiswahili mchana kutwa, ziko Unguja. Tangu 2009 watu waliokuwa wakitumia heroini walianza kufungua nyumba za kupona, ambazo wenyewe wanaziita soba hausi, na ratiba yake imejengwa juu ya mikutano ya hatua zile zile kumi na mbili. Kileo ni kingine, duara ni lile lile, na vijana wa mwambao wameshazipatia hatua hizo msamiati wote. Wa Malaba hawana haja ya kuanza na kamusi.

Je, wajua kuwa wake nao wana mkutano wao?

Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa yule Bill, baada ya kuona kwamba wake walioketi nje wakingoja waume zao wamalize mkutano walikuwa na maneno yao. Ni ya mke, mume, mama na ndugu wa mnywaji, awe ameacha au hajaacha. Hakuna anayefundishwa humo namna ya kumwachisha mtu pombe. Wanafundishana kulala usingizi, kuacha kumlipia madeni, na kuacha kumdanganya mwajiri kwamba anaumwa malaria.

Malaba jambo hili lina fundo ambalo Lois hakukutana nalo. Pombe hapa ni kazi ya mikono ya wanawake. Mama pima anayekaanga unga wa wimbi asubuhi ndiye anayelipa karo, na mteja wake wa kudumu anaweza kuwa shemeji yake, au mume wake mwenyewe. Akija kwenye duara la wake akasema mumewe anakunywa, wenzake wanajua anakunywa cha nani. Kanuni hazimkatazi kuingia; Al-Anon haiulizi mtu anauza nini. Atazungumza dakika zake, hatajibiwa, atapitishiwa kikapu. Kesho yake ni siku ya soko.